Kufuli la mwizi, mlango wa moto: Kanuni za ujenzi zinapogongana

MOTO ulipozuka usiku mmoja wa Machi 2001 katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, iliyokuwa katika Wilaya ya Machakos, wavulana waliokuwa wamelala humo walikuwa na milango miwili ya kukimbilia. Mmoja ulikuwa umetiwa kufuli. Madirisha yalikuwa yamewekewa vyuma. Wanafunzi 67 walifariki.

Miaka mitatu kabla ya mkasa huo, Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Wasichana ya Bombolulu, Mkoa wa Pwani. Huko nako mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Kila mkasa wa aina hii unapotokea, ghadhabu ya umma humwangukia aliyetia kufuli. Ni ghadhabu ya haki, lakini haitufikishi mbali kwa sababu inasahau kuuliza swali moja: alikuwa akimfungia nani?

Julai 1991, wavulana wa Shule ya Upili ya St Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walifariki na wengine wengi wakabakwa. Mzazi aliyesoma habari hizo, kisha akaenda kumtembelea bintiye shuleni na kukuta bweni lisilo na kufuli wala vyuma, hangerejea nyumbani na utulivu. Mwalimu mkuu wa miaka ya tisini aliyeita fundi wa kuchomelea na kuagiza madirisha yazibwe hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Mwalimu mkuu wa shule ya bweni huhofia mambo matatu usiku: anayeingia kuiba au kudhuru, mwanafunzi anayetoroka kinyemela, na moto. Mawili ya kwanza humfikia kila muhula. La tatu huenda lisimfikie hadi astaafu. Si ajabu basi kwamba kufuli hushinda.

Hapa ndipo kanuni za ujenzi zinapoingia. Kazi yake si kumchagulia mwalimu huyo hofu moja na kumwambia aisahau nyingine. Kanuni ikimwambia hivyo ataitikia mchana mbele ya mkaguzi, na usiku atafanya lake.

Amri mbili, mlango mmoja

Mtu akisoma sheria za Kenya kijuujuu, ataona kwamba suala la milango lilishatatuliwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mlango wa mahali pa kazi usifungwe kwa namna ambayo walio ndani hawataweza kuufungua kwa urahisi.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaeleza kwa undani zaidi. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano au zaidi na ufungukie nje. Kuwe na mlango katika kila mwisho wa bweni, na mwingine wa dharura katikati, ulioandikwa wazi. Madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi. Nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita katikati isipungue mita mbili. Mlango usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani.

Hadi hapo hakuna utata. Lakini mwongozo huohuo unataka pia mabweni yafungwe wakati wanafunzi wako madarasani au uwanjani, na funguo zake zikae kwa mwalimu anayesimamia bweni. Hilo nalo ni agizo la busara, kwani masanduku na magodoro huibwa mchana, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuingia kujificha kabla ya usiku.

Sasa tazama kinachotokea mlangoni. Ili bweni lifungwe mchana, fundi huchomelea komeo kwa nje na kitanzi cha kufuli. Komeo hilo haliondoki jua linapotua. Kifaa kilekile kinachotii agizo la mchana ndicho kinachowezesha kosa la usiku, na kati ya utiifu na kosa kuna mkono wa mtu mmoja tu aliyechoka, anayetaka wanafunzi wasitoroke. Kanuni iliyoacha uhai wa watoto mikononi mwa kumbukumbu ya mtu mmoja haijakamilika, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Somo la Sunderland

Mgongano huu hauna uzawa wa Kenya. Juni 1883, katika mji wa Sunderland nchini Uingereza, watoto waliokuwa wakitazama maonyesho katika ukumbi wa Victoria Hall waliambiwa kwamba zawadi zilikuwa zikigawanywa jukwaani. Waliokuwa orofani waliteremka ngazi mbio. Mlango wa chini ulikuwa ukifungukia ndani, na ulikuwa umekazwa kwa komeo ukaachwa upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Watoto 183 walikufa kwa kubanana. Hapakuwa na moto wowote.

Mkasa huo hueleza kwa nini sheria za moto husisitiza mno kwamba mlango wa kutokea ufungukie nje. Umati unaosukuma hauwezi kurudi nyuma hatua moja ili mlango uvutwe. Aliye mbele ameshabanwa kifua kwenye mbao, na aliye nyuma hajui.

Mwaka 1892, Mwingereza Robert Alexander Briggs alipata hataza ya komeo la kusukuma. Ni upau wa chuma unaolala kukata upana wa mlango, kwenye kimo cha kiuno. Kwa nje mlango umefungwa kama milango mingine, na huwezi kuufungua bila ufunguo. Kwa ndani, ukiusukuma upau huo kwa mkono, kwa nyonga au kwa uzito wa mwili unaoanguka, komeo huchomoka na mlango hufunguka.

Msomaji atambue kilichofanyika hapo. Briggs hakuamua kama mlango ufungwe au uachwe wazi. Aliutenganisha mlango kuwa na nyuso mbili: uso wa nje kwa ajili ya mwizi, na uso wa ndani kwa ajili ya moto. Mgongano uliodhaniwa kuwa wa sheria ulikuwa wa chuma kibaya.

Maneno "ikiwezekana"

Kifaa kikishapatikana, kazi inayosalia ni ya maneno, na maneno yana hila zake. Machi 25, 1911, moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wakiwa wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa orofa ya tisa ulikuwa umefungwa, na ilielezwa kwamba wenye kiwanda waliufunga ili wafanyakazi wapitie mlango mmoja tu na kupekuliwa mikoba wasiibe nguo.

Sheria ya jimbo hilo ilikataza kufunga milango wakati wa kazi. Ilitaka pia milango ifungukie nje, ila iliongeza maneno ya kulegeza: pale inapowezekana. Jengo lile lilikuwa na ngazi nyembamba, na nafasi iliyokuwa mbele ya milango haikuzidi upana wa ngazi yenyewe. Mlango ungefungukia nje ungeziba ngazi. Kwa hivyo ilichukuliwa kwamba haiwezekani, na milango ikaachwa ifungukie ndani. Kanuni ya ngazi ilikuwa imeigonga kanuni ya milango, na maneno "pale inapowezekana" yakageuka kuwa ruhusa.

Tume iliyoundwa na jimbo baada ya msiba huo ilizunguka viwandani kwa miaka kadhaa, na zaidi ya sheria 30 zikapitishwa. Kutoka enzi hizo ndiko kulikokomaa maneno ambayo sasa yamo katika kanuni nyingi za ujenzi nchini Marekani: mlango wa kutokea ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila ujuzi maalum na bila kutumia nguvu nyingi.

Maneno hayo hayatumii "ikiwezekana". Wala hayakatazi kufunga. Unaweza kuufunga mlango wako kwa nje kwa kufuli zito kadiri utakavyo, mradi mtoto asiyewahi kuuona aweze kuufungua kutoka ndani gizani.

Kanuni hizo zimeushughulikia vivyo hivyo mgogoro wa vyuma vya madirisha. Vyuma katika dirisha la chumba cha kulala vinaruhusiwa, lakini viwe na bawaba na vifunguke kutoka ndani bila ufunguo wala kifaa. Mwizi aliye nje anakuta chuma, na aliyelala ndani anakuta dirisha la pili.

Hata hofu mpya imepatanishwa kwa njia hiyo. Baada ya mauaji ya wanafunzi yaliyofanywa kwa bunduki katika Shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, mwaka 2012, shule nyingi za Marekani zilikimbilia kununua vyuma vya kuzuia milango ya madarasa. Wataalamu wa moto walipinga vikali. Mabishano yalipelekwa katika kamati za kanuni, na makubaliano makuu yakawa yaleyale: darasa lifungike dhidi ya aliye nje, lakini aliye ndani atoke kwa kitendo kimoja chepesi.

Umeme ukikatika

Siku hizi wauzaji wa vifaa vya usalama watakuonyesha kufuli za sumaku zinazotumia umeme. King'ora cha moto kikilia, sumaku huachia na milango yote hufunguka yenyewe. Kanuni za Marekani zinaruhusu hata mlango unaochelewa: ukiusukuma unapiga kelele na kufunguka baada ya sekunde 15, isipokuwa pakiwa na moto, ambapo hufunguka papo hapo. Mtoro husikika, na anayeokoa maisha hazuiwi.

Ni ubunifu wa kupendeza. Lakini kufuli hizo, zikiwekwa inavyopasa, lazima ziachie pia umeme unapokatika, maana haijulikani kama uliokatika umekatwa na moto. Katika shule ya Kenya ambako stima hupotea mara kadhaa kwa wiki, mlango huo utafunguka mara kadhaa kwa wiki, na haitachukua muda kabla mtu kuurejeshea kufuli la zamani. Betri za akiba husaidia kwa muda, hadi zichakae na zisibadilishwe. Kwa maoni yangu, komeo la chuma la kusukuma, lisilojua habari za umeme, linatufaa zaidi.

Nyumba za kupanga

Mabweni ndiyo hutajwa sana kwa sababu misiba yake ni mikubwa na waliokufa ni watoto. Lakini Mkenya wa mjini anayesoma makala haya huenda naye analala nyuma ya kufuli asilo na ufunguo wake.

Nenda katika mtaa wowote wa majumba ya orofa jijini Nairobi, iwe ni Pipeline, Umoja au Roysambu. Geti la chini hufungwa usiku, na mara nyingi ufunguo huwa kwa keateka. Kila nyumba ina mlango wa mbao na mwingine wa chuma. Roshani zimezungushiwa vyuma kama vizimba. Mlango wa kwenda paani umefungwa ili nguo zilizoanikwa zisiibwe. Ngazi ni moja, nayo hupanda katikati ya jengo kama bomba la moshi, na katika moto ndiyo kazi inayofanya hasa.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo kiliwekwa kwa sababu mtu fulani aliwahi kuibiwa. Hakuna mpangaji atakayekubali geti liachwe wazi saa nane za usiku, na kanuni itakayomtaka akubali itachekwa.

Hata hivyo, geti linaweza kuwekewa kitasa cha kuzungusha kwa ndani. Wenye nyumba husema mwizi atapenyeza mkono kati ya nondo na kukifungua. Wana haki, lakini dawa yake ni bati nene la chuma linalochomelewa kuzunguka kitasa, pana kuliko urefu wa mkono. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuifanya kazi hiyo. Ajabu ni kwamba jambo dogo kama hilo, linalohitaji mstari mmoja katika kanuni, hukosa kutajwa huku kurasa nzima zikitumika kueleza mitungi ya kuzimia moto.

Ngazi ya pili ni mgogoro mgumu zaidi, kwa sababu unahusu pesa. Katika ploti ya futi 50 kwa 100, ngazi ya pili humeza vyumba vya kupangisha katika kila orofa. Hata nchi tajiri hazikubaliani. Jiji la Seattle, Marekani, limeruhusu kwa miaka mingi majengo ya hadi orofa sita yenye ngazi moja, kwa masharti kwamba yawe na mfumo wa kunyunyizia maji na nyumba zisizidi nne katika orofa moja. Uingereza nayo imekwenda upande wa pili: marekebisho yaliyochapishwa mwaka 2024 yanataka majengo mapya ya makazi yenye kimo cha mita 18 au zaidi yawe na ngazi mbili, na kipindi cha mpito kiliwekwa hadi Septemba 2026.

Anayetaka ngazi moja hapa kwetu hupenda kuutaja mfano wa Seattle na kuyanyamazia masharti yake. Jengo letu la kawaida lina nyumba nyingi zaidi ya nne katika orofa, halina mfumo wa kunyunyizia maji, na matenki ya paani huwa matupu siku za mgao.

Kusema nini, na kuacha nini

Kanuni za ujenzi zilizoongoza Kenya kwa zaidi ya nusu karne zilitungwa mwaka 1968, kwa mfano wa sheria za Uingereza. Zilikuwa amri ndogo za mabaraza ya miji, na zilieleza kwa kina vifaa vya kujengea: unene wa ukuta, aina ya matofali, vipimo vya mbao. Mwananchi wa kipato kidogo hakuweza kuzitimiza. Mwaka 1995 zile zilizohusu nyumba za gharama nafuu zililegezwa, na mtindo ukabadilika. Badala ya kusema ukuta uwe wa kitu gani, zilisema ukuta uweze kufanya nini. Udongo ulioimarishwa kwa saruji ukapata nafasi yake.

Mtindo huo wa kutaja matokeo badala ya vifaa unasifiwa sana, na kwa ukuta unafaa. Lakini una udhaifu wake. Uingereza iliutegemea, na Juni 14, 2017, jumba la Grenfell jijini London likawaka kwa nje kutoka chini hadi juu. Watu 72 walikufa. Jumba hilo lilikuwa limevikwa vibao vipya ili lihifadhi joto na lipendeze, na vibao hivyo vilishika moto. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, ilisema baadhi ya watengenezaji walikuwa wamepotosha soko kuhusu majaribio ya moto ya bidhaa zao. Kanuni ya kuokoa nishati na kanuni ya kuzuia moto zilikutana katika ukuta mmoja, na ile iliyotaja matokeo tu iliacha mwanya wa ubishi juu ya maana ya matokeo hayo. Mwaka 2018 serikali iliacha kubishana, ikapiga marufuku vifaa vinavyowaka katika kuta za nje za majengo mapya marefu ya makazi.

Kwa hivyo mrekebishaji wa kanuni hana budi kujua mahali pa kulegeza na mahali pa kukaza. Ukuta unaweza kuachiwa mhandisi. Mlango wa kutokea hauhitaji mjadala wa kihandisi. Uandikwe kama amri, kwa maneno ambayo askari wa usiku anayaelewa.

Pwani kuna mfano wa mgogoro ambao mlango hauwezi kuutatua. Katika mji wa kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2001, vichochoro ni vya upana wa punda na mzigo wake. Gari la zimamoto haliwezi kupita, na kubomoa kuta ili lipite ni kuua kile kinachohifadhiwa. Mahali kama hapo kanuni hugeuzwa: badala ya kudai gari lifike kwenye moto, inadai maji yafike, kwa mabomba na mipira iliyowekwa ndani ya vichochoro vyenyewe, na wakazi wafundishwe kuitumia. Na paa la makuti linalogusana na la jirani lina swali lake, ambalo wazee wa Lamu hulijua kuliko mhandisi yeyote kutoka Nairobi.

Jengo ambalo tayari lipo

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011, zilichapishwa Machi 2024 na zikaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Kustaafishwa kwa zile za 1968 kulikuwa kumecheleweshwa mno. Mabaraza ya miji yaliyozitekeleza yalikuwa yameshavunjwa, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la kuzima moto na kukabili majanga.

Tatizo ni kwamba kanuni za ujenzi, kokote duniani, hutazama zaidi mbele. Hueleza jinsi jengo la kesho litakavyokuwa. Watoto hulala katika jengo la jana.

Septemba 2024, miezi sita baada ya kanuni mpya kuchapishwa, bweni la Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, liliungua usiku. Wavulana 21 walifariki. Jengo lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa na zaidi ya watoto 150 walilala humo. Novemba mwaka huo, Wizara ya Elimu iliamuru sehemu za bweni za shule 348 za msingi zifungwe kwa kukosa kutimiza viwango vya usalama.

Kufunga ni hatua kali, na pengine ilistahili. Lakini mwanafunzi wa bweni lililofungwa hupelekwa kwingine, na huko kwingine vitanda husogezwa ili apate nafasi. Mita 1.2 za mwongozo hupungua. Tangu sera ya kila mwanafunzi kujiunga na shule ya upili ilipoanza kutekelezwa mwaka 2018, shule nyingi zimesukuma vitanda vya ghorofa mbili hadi karibu na milango. Haki ya mtoto kusoma imegongana na haki yake ya kutoka hai, na kwa hili hakuna komeo la kulitatua. Linahitaji majengo mengine, na majengo yanahitaji fedha.

Ndiyo maana yale yanayoweza kutatuliwa bila fedha nyingi yasisubiri yale yasiyoweza. Kwa majengo yaliyopo, kanuni inaweza kupanga zamu: mlango kwanza, vyuma vya dirisha pili, nafasi kati ya vitanda tatu, kuta na paa mwisho. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na katika dakika chache hizo ukuta usiowaka haumsaidii aliyefungiwa ndani. Kukata komeo la nje ni kazi ya asubuhi moja. Kutia bawaba kwenye vyuma vya dirisha ni kazi ya siku chache.

Lililosalia ni ukaguzi. Afisa wa elimu, afisa wa afya ya umma, mkaguzi wa usalama kazini na idara ya zimamoto ya kaunti wote wana mamlaka fulani juu ya bweni moja, na kila mmoja huja na fomu yake. Wote huja mchana. Saa nne asubuhi bweni ni tupu, limefungwa kama mwongozo unavyotaka, na mwalimu anayelifungulia mgeni haonyeshi kosa lolote.

Mkaguzi anayetaka kujua ukweli wa mlango huo hana budi kuja saa nne usiku, aingie ndani, aagize taa zizimwe na mlango ufungwe jinsi unavyofungwa kila siku, kisha amwombe mwanafunzi mdogo kuliko wote atoke.